Namna ya kufanya makumbusho yaongelee tabianchi bila watu kusinzia

Hii ni kwa watu wenye makumbusho madogo madogo, vituo vya utamaduni vya kule Marangu na Machame, walimu wenye klabu za mazingira, na machalii wa Chuga (Arusha) wanaojitolea kutembeza wageni, yaani mtu yeyote ambaye bosi wake kamwambia "tufanye kitu kuhusu mabadiliko ya tabianchi" halafu kabaki anakuna kichwa. Kinachofuata huwa kinajulikana. Anaingia intaneti, anapakua picha ya dubu mweupe kasimama juu ya kipande cha barafu, anaandika GESI JOTO kwa herufi kubwa nyekundu, anabandika ukutani karibu na mlango wa choo, kazi imeisha. Mtoto wa Ngarenaro anapita pale, anamwangalia yule dubu kidogo tu, anaenda zake kuangalia mafuvu.

Sasa ukikaa ukafikiria, makumbusho yana kitu ambacho semina ya hotelini haina na tangazo la redioni halina, yana vitu vya zamani vyenye tarehe. Tabianchi yenyewe ni habari ya kulinganisha, watu wa hali ya hewa wanachukua wastani wa miaka 30 ndo wanaanza kuongea, hawaongelei jua la wiki hii wala mvua iliyoharibu harusi ya jana. Kijana wa miaka 20 hana hiyo miaka 30 kichwani. Wewe unayo, iko stoo, iko kwenye kabati la picha, iko kwa wazee wanaoishi nyuma ya ukuta wako. Kazi yako ni kuitoa ionekane, na karibu kila ninachoandika hapa chini kinatokana na hilo.

Tafuta kitu kwanza, maneno baadaye

Usianze na bango. Zunguka stoo na daftari, na kila unachokikuta jiulize kama mgeni wa kawaida, tuseme mama anayeuza ndizi Kiborloni au dereva wa kifodi, atakitambua kutoka kwao. Kama atakitambua, angalia kina tarehe au angalau unaweza kukikadiria kipindi chake. Halafu uliza, tangu kipindi hicho nini kimebadilika pale kilipokuwa kinatumika. Kitu kikipita hapo kote, kiweke pembeni, hicho kinafaa.

Upande wa Moshi huna haja ya kwenda mbali, mfongo upo. Ile mifereji Wachagga waliyochimba kabla Mzungu hajafika, inachota maji kwenye korongo la mto huko juu inayaleta mpaka kihambani, yaani shamba la nyumbani, kwa mteremko tu, hakuna pampu, na kila mfongo una wenyewe na zamu zake na adhabu ya anayeiba maji usiku. Chora kwa mkono ramani ya mfongo mmoja tu, wa kijiji kilichokuzunguka, weka na jembe la kuusafishia, halafu wageni wenyewe waseme zamani ulikuwa unapitisha maji miezi gani na siku hizi ni miezi gani. Ila hapa uwe mkweli. Mfongo unaweza kukauka kwa sababu mabomba yamechukua maji huko juu, au watu wameongezeka, au ukoo umeacha kuusafisha kwa vile vijana wote wako Dar. Ukiitupia tabianchi kila kitu, mzee mmoja atasimama akuumbue mbele ya watu, na atakuwa na haki yake. Andika sababu zote, tabianchi iwe mojawapo.

Kahawa nayo inafaa sana, maana ni nyumba chache za Kichagga ambazo hazijasomesha mtu kwa kahawa. Ukipata risiti ya zamani ya chama cha msingi au gunia lenye nembo ya KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro uliozaliwa 1933 baada ya kile chama cha wakulima cha 1925, hapo una kitu mkononi. Arabika inataka ubaridi, na kinachoisumbua huku kwetu zaidi ni usiku kuwa na joto kuliko zamani. Kuna utafiti wa 2015 uliochukua takwimu za kahawa ya Tanzania tangu miaka ya 60, ukakuta kila nyuzi moja inayoongezeka kwenye joto la usiku inaondoka na kilo kama 137 kwa hekta kwa mwaka. Hiyo namba usiibandike ukutani ikiwa peke yake, haitamwambia mtu kitu. Chukua magunia mawili ya kilo 60 yaliyojaa, ongeza na debe la pembeni, yapange mlangoni watu wayazunguke kuingia, na kibao kidogo kiseme huu ndo mzigo unaopotea shambani. Mkulima akiuona anapiga hesabu mwenyewe, tena haraka kuliko wewe.

Arusha watu wanajiona hawana cha kuonyesha kwa kuwa mlima wenye barafu uko kwa jirani. Mbona vipo. Pale Boma, jengo la Wajerumani la 1900 ambalo limekuwa makumbusho ya elimu viumbe tangu 1987, kuna habari za chimbuko la binadamu, na hiyo ni habari ya tabianchi toka mwanzo hadi mwisho, maana Zinjanthropus, yule binadamu wa kale aliyefukuliwa Olduvai 1959, aliishi pembeni ya ziwa miaka kama milioni 1.75 iliyopita na leo ukifika pale unakuta korongo kavu, vumbi na mkonge pori. Na kule Kaloleni kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha, Azimio lenyewe la 1967 linasema ili tuendelee tunahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Simama kwenye hilo neno ardhi. Muulize mgeni ardhi ya kwao imekuwaje tangu mwaka huo. Hujatoa hata shilingi na mazungumzo ya nusu saa umeshayapata.

Zoezi la mikeka

Hili ndo nalipenda kuliko yote na halihitaji projekta wala umeme.

Barafu ya Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, mwaka 1912 ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 11.4. Mwaka 2011 ilibaki 1.76. Ukisema asilimia 85 imepotea watu wanatikisa kichwa kwa heshima tu, hawajaona kitu. Kwa hiyo tafuta mikeka inayolingana ukubwa, 11 na kipande kisichofika nusu, kila mkeka ni kilomita moja ya mraba ya barafu. Itandike yote sakafuni au uwanjani kwenye kivuli, simamisha darasa zima juu yake, waambie sasa ni 1912, jipangeni mnavyotaka. Wanaenea, wengine wanalala kabisa. Halafu unaita mwaka na unakunja mikeka, na anayeguswa na ardhi ametoka. 1953, inabaki chini ya mikeka 7. 1989, mitatu na kidogo. 2011, mmoja na robo tatu, na hapo darasa la watoto 45 wa shule yoyote ya Unga Limited linajaribu kusimama kwenye mkeka mmoja na kipande, ni kelele na kusukumana na kucheka. Waache wacheke. Usiwatulize kwa sura ya msiba eti kwa sababu mada ni nzito, kicheko ndo kitawafanya wakasimulie nyumbani.

Baada ya hapo waketishe, ndo uongee, na uongee kidogo. Waambie Hans Meyer alikuja 1887 akashindwa kufika juu ya Kibo kwa sababu ya barafu, akarudi 1889 na Ludwig Purtscheller, na kijana wa Marangu Yohani Kinyala Lauwo anayesimuliwa kuwa ndo alikuwa mwongozaji, na ilibidi wachonge ngazi kwenye barafu kwa shoka ili wapande. Leo mtalii anafika Uhuru Peak mita 5,895 kwa njia za kawaida akitembea juu ya changarawe, barafu anaipiga picha kwa pembeni. Ukiwa na shoka la zamani la aina yoyote liweke hapo mezani.

Halafu mwite mtu wa mlima aongee. Moshi imejaa waongozaji na wapagazi, wagumu wenyewe, ambao wamepanda huo mlima miaka mingi kuliko mwanasayansi yeyote, na hakuna anayewauliza kitu zaidi ya bei. Mgumu mmoja mwenye miaka 25 mlimani akikuonyesha kwenye picha "hapa tulikuwa tunakanyaga barafu, sasa hivi ni mawe matupu" anamaliza kazi ambayo mabango kumi hayaiwezi. Mlipe. Nitarudi kwenye hela baadaye ila hili niseme kabisa, mtu anayeacha kibarua chake kuja kukusaidia usimpe soda na cheti.

Vitu vinavyokorogwa kila siku

Makumbusho yakisema uongo hata kidogo imani inaondoka, na watu wanayaamini makumbusho, hiyo ndo mali yenu kubwa. Sasa kuna mambo kadhaa utayasikia hata kwa walimu, uyajue mapema.

La kwanza ozoni. Karibu kila kundi litakuwa na mtu wa kusema joto limezidi kwa sababu tabaka la ozoni limetoboka. Hapana, hiyo ni habari nyingine. Joto linapanda kwa sababu hewa ukaa na gesi wenzake, kutoka kwenye makaa ya mawe, mafuta na misitu inayochomwa, zinatufunika kama blanketi, joto linachelewa kutoka. Kabla ya viwanda hewa ukaa ilikuwa sehemu kama 280 katika kila sehemu milioni za hewa, sasa imeshapita 420. Sema hivyo tu uendelee, usimdhalilishe aliyeuliza.

La pili takataka. Mfuko wa rambo ni kitu kizuri sana cha kuweka makumbusho, umepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na kuna watoto hawajawahi kuushika, kila mtu mzima akiuona anatabasamu. Lakini huo ni usafi wa mazingira. Ukiuweka kwenye kona ya tabianchi watu wataondoka wakiamini kuokota chupa Mto Themi kunapunguza joto la dunia. Kuokota chupa ni vizuri, weka kona yake.

La tatu ndo kubwa, barafu na maji. Kuna hiki kitu kinasemwa mpaka kwenye hotuba, kwamba barafu ya Kilimanjaro ikiisha mito itakauka. Sio hivyo. Karibu maji yote yanayoshuka Kilimanjaro yanatoka kwenye ule mkanda wa msitu, mvua pamoja na ukungu unaonaswa na majani na kuvumwani, yale manyoya ya kijani yanayoota kwenye miti, mchango wa barafu ni mdogo mno. Maana yake ni kwamba moto wa msituni ni habari kubwa kuliko barafu kwa mtu wa Kibosho anayesubiri maji, na moto tumeuona, Oktoba 2020 na tena Oktoba 2022, watu wa mjini walikuwa wanauangalia usiku kutoka kwenye vibaraza vyao. Kwa hiyo ukiweka picha ya barafu weka na tawi lenye kuvumwani kutoka msitu wa nje ya hifadhi (ndani ya hifadhi usiguse kitu), mwagia maji kwa chupa ya kupulizia, mwache mtoto alikamue. Barafu ni ushahidi kwamba kuna kinachobadilika. Maji yako yapo kwenye msitu. Hizo ni habari mbili, zitenganishe.

Na hapo hapo, lile jaribio la kuweka barafu ya duka la samaki kwenye sinia iyeyuke watu waone, mi naliacha. Kule juu ni kukavu na jua ni kali, barafu nyingi inageuka mvuke moja kwa moja bila hata kuwa maji, na theluji mpya inayoanguka ni pungufu, ukavu huo ulianza tangu mwishoni mwa miaka ya 1800. Wanasayansi wamebishana miaka mingi kiasi gani ni joto na kiasi gani ni ukavu. Najua London mwaka 2018 msanii Olafur Eliasson aliweka mapande makubwa ya barafu ya Greenland nje ya jumba la sanaa la Tate Modern watu wakaja kuyashika na kuyakumbatia, kwao ilikuwa na maana kwa sababu barafu ya Greenland kweli inayeyuka na kujaza bahari. Ya kwetu ina tabia yake.

La nne utaulizwa na mjanja mmoja wa nyuma: mbona walisema barafu itakuwa imeisha 2015 mpaka 2020 na bado ipo? Swali zuri, usikimbie. Ni kweli, mwaka 2002 timu ya Lonnie Thompson, mtu aliyechimba nguzo za barafu kule juu mwaka 2000 na kukuta ya chini kabisa ina miaka kama 11,700, ilikadiria hivyo. Haikuisha kwa tarehe ile. Imeendelea kupungua lakini, na UNESCO mwaka 2022 wakasema barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya zitakuwa zimeondoka kufikia 2050. Mwambie kijana makadirio hukosea tarehe, halafu mrudishe kwenye mikeka ahesabu mwenyewe inaelekea wapi.

Lingine linatokea sana ukiwa na mada ya Olduvai, "si umesema ziwa lilikauka kabla ya magari, sasa tatizo liko wapi?" Tatizo ni mwendo. Yale mabadiliko yalichukua maelfu ya miaka, wanyama na watu wakahama taratibu, haya ya sasa yako ndani ya umri wa bibi mmoja.

Mwache mgeni aongee kabla yako

Weka vibuyu vitatu mlangoni na bakuli la mahindi. Juu ya vibuyu andika swali moja, mfano "Vuli ya kwenu siku hizi ikoje?" na kila kibuyu jibu lake, inawahi, inachelewa, haieleweki. Kila anayeingia anachukua punje anatumbukiza. Hata asiyejua kusoma anamuuliza jirani yake na hapo tayari wameanza kubishana, ambacho ndo unachotaka. Badilisha swali kila mwezi. Mwisho wa mwezi hesabu, andika ubaoni, watu wanarudi kuangalia wenzao walisema nini. Hili lina faida nyingine, wengi wanaobeba wasiwasi huu wanadhani wako peke yao, wakiona kibuyu kimejaa wanashtuka.

Kwa wazee kuna ufundi wake. Ukimuuliza mzee "mvua zimebadilikaje tangu 1980" utapata jibu la jumla, zamani kulikuwa kuzuri, basi. Mpe nanga za muda anazozijua. Kabla ya Azimio. Wakati wa vita ya Kagera. Mwaka wa El Nino, ile ya 97 kuamkia 98. Ukame wa 2009 ulioangusha ng'ombe Longido na Monduli. Kwa wazee wa Kimasai tumia marika, muulize kama ni wakati Makaa ni morani au Landis au Korianga, hapo anakupa mpaka mto gani ulikauka na walihamia wapi. Na uanze kwa adabu kama nyumbani, usimvamie na simu ya kurekodi usoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu, habari za huko?"

"Nzuri babu. Hiki kitu hapa, kwenu mlikuwa mnakitumia wakati gani wa mwaka?"

Ukishamuuliza hivyo nyamaza. Asipojibu nyamaza zaidi kidogo. Kitu kikiwa mkononi mwake ataongea mwenyewe, na omba ruhusa ndo uwashe simu. Klipu za dakika mbili mbili zinatosha, jina la kijiji na kipindi, ziweke kwenye simu ya zamani iliyofungwa ukutani na spika ndogo, Kiswahili kwanza, na Kimaa au Kichagga vikiwepo usivifute hata kama hujaelewa, mjukuu wake ataelewa.

Wapo watakaosema mvua ni ya Mungu, na huu ni mji wa makanisa na misikiti, usibishane. Waulize Mungu alitukabidhi nini tukitunze, mara nyingi wao ndo watakuhubiria wewe. Na wapo watakaouliza kwa hasira, kwa nini sisi, wakati waliochafua ni wenye viwanda? Hasira hiyo ni halali, Afrika nzima inatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia inayotoka kwenye mafuta, makaa ya mawe na viwanda, iandike ukutani kwa herufi kubwa, usijifanye huijui. Mtu akiona hujamficha hilo ndo atakusikiliza ukianza habari ya msitu wake na bati lake.

Kuhusu kuwatisha watu

Hapa naomba niwe mkali kidogo. Aprili 2024 hapa Arusha gari la shule lilisombwa na maji na watoto wakafa. Desemba 2023 Hanang matope yalishuka Katesh yakazika watu. Picha zipo kwenye simu za watu mpaka leo, na nimeshasikia wazo la kuziprinti ukutani "ili wananchi waelewe". Usifanye hivyo. Anayeingia hapo anaweza kuwa mama wa mmojawapo, au mtoto aliyekaa dawati moja na aliyeondoka. Na tukio moja la mafuriko lina sababu nyingi, mitaro iliyozibwa, nyumba zilizojengwa kwenye njia ya maji, uamuzi wa kuvuka, huwezi kuliandika "hii ni tabianchi" ukaishia hapo.

Kama unataka kuongelea mafuriko, na unapaswa, weka ramani ya mtaa wenu inayoonyesha maji yanapita wapi, acha watoto waweke vijiti sehemu wanazovuka kwenda shule, na wajadili maji yakijaa watapita wapi au watakaa kwa nani. Mwalimu awepo. Mtoto anatoka na njia kichwani, badala ya kutoka na ndoto mbaya.

Nao watu wazima usiwaache mlangoni na kilio tu. Onyesha vitu viwili vitatu vilivyo ndani ya uwezo wao: mti wa kivuli kwenye kahawa, bati na tangi la maji, jiko. Jiko hasa, panga mafiga, jiko la mkaa na mtungi wa gesi kwa mstari, serikali ina mkakati wa 2024 mpaka 2034 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, na hapo utasikia akina mama wanaongea bei ya kujaza mtungi, na ni mazungumzo ya kweli kuliko hotuba yoyote. Usiyakatishe.

Siku, na kutoka nje ya jengo

Tarehe za kimataifa zipo, 21 Machi tangu 2025 ni siku ya barafu za milimani duniani, 18 Mei siku ya makumbusho, 5 Juni mazingira. Zitumie kuandikia barua za ofisi, afisa elimu anapenda barua yenye siku maalumu. Lakini kwa Moshi siku yenu halisi ni Desemba. Wachagga wote wanarudi nyumbani, barabara ya Himo inajaa, mtu ambaye hajauona mlima mwaka mzima anashuka kwenye gari na kitu cha kwanza anaangalia juu kama Kibo iko wazi. Huyo ana kumbukumbu ya mlima wa utoto wake na ana watoto wa Dar wanaomuuliza maswali. Fungua tarehe 23 mpaka 31, omba tangazo kanisani, waambie walete picha za zamani za familia zilizopigwa nje ya nyumba mlima ukionekana nyuma, utazipiga kopi kwa simu hapo hapo na kuwarudishia. Usibaki na picha ya mtu.

Arusha tumia Nanenane pale Njiro, meza moja, mikeka na vibuyu vinatosha. Soko la Kilombero asubuhi hapana, watu wako kazini, utawaudhi.

Hela

Ni chache, na gharama kubwa ni watu, siyo mabango. Maandishi yaprinti karatasi ya kawaida, ulamineti, herufi mtu wa miaka 60 asome akiwa amesimama, maneno yasizidi 50 kwa kibao, yawe usawa wa macho ya mtoto wa darasa la nne. Kinachobaki kiwe posho ya wazee na wagumu na nauli ya shule ambazo hazina basi.

Mfadhili akija kubalianeni kwa maandishi kabla hajatoa hela kwamba hagusi maneno ya vibao. Science Museum ya London mwaka 2021 waliweka maonyesho ya tabianchi yaliyofadhiliwa na Shell, watu wakaongelea mfadhili kuliko maonyesho. Kwako wewe anaweza kuwa muuza mbao au mwenye shamba kubwa anayevuta maji juu ya kila mtu. Nembo yake akiitaka, iwe ndogo, na mlangoni.

Kopo la mvua

Hiki weka hata kama huna hela ya kitu kingine. Chupa ya maji yenye pande zilizonyooka, kata shingo, igeuze iwe faneli, jaza chini kokoto na maji mpaka alama ya sifuri, bandika rula. Iweke sehemu ya wazi mbali na miti na paa. Soma kila siku saa tatu asubuhi, muda huo huo wanaosoma watu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, andika kwenye daftari gumu, mwaga mpaka sifuri, rudisha. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo bati la mita 6 kwa 10 likipata mvua ya milimita 10 limekupa lita 600, muonyeshe mgeni tangi la ujazo huo aone alichoachia kikaenda mtaroni.

Shule tatu nne zikiwa na makopo kama hayo, moja Ngaramtoni, moja Njiro, moja Kijenge juu, mwisho wa masika unazileta pamoja na madaftari yao, mnaona mvua ya mji mmoja ilivyotofautiana, wanabishana nani alisoma vibaya. Daftari likijaa linaingia kabatini na namba ya usajili kama kitu kingine chochote cha makumbusho, maana miaka 30 ijayo ndo itakuwa nanga ya mtu mwingine. Siku za Jumapili na sikukuu mlinzi ndo atakuwepo peke yake, kwa hiyo mfundishe kusoma kopo na yeye, na jina lake liandikwe daftarini pembeni ya kipimo.